Saumu, Futari na Uzito wa Mwili: Saa Peke Yake Hazikondeshi

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, fundi cherehani hapati nafasi ya kupumua mara Ramadhani inapoingia. Watu humjia na vitambaa vya Sikukuu: huyu anataka kanzu, yule gauni, mwingine nguo za watoto watatu kwa mpigo. Fundi hushika utepe wake, akapima kifua, kiuno na nyonga, akaandika katika daftari lake.

Tuseme kwamba mama mmoja, mke wa mfanyakazi wa bandarini, alipimwa siku ya tano ya mwezi. Usiku wa kuamkia Idi anakwenda kulichukua gauni lake. Analijaribu nyuma ya pazia, nalo linagoma kufunga zipu.

"Fundi, umenikosea vipimo," analalamika.

Fundi anafungua daftari na kumwonesha. "Bi Mkubwa, mimi sikukosea. Nilipima mwili wa mwanzo wa mwezi, nawe umenijia na mwili wa mwisho wa mwezi."

Ni mzaha, lakini wengi wetu tunaufahamu vyema. Inakuwaje mtu aliyeshinda na njaa kwa siku 29 atoke na mwili mkubwa kuliko aliokuwa nao? Swali hili limepata uzito mpya, kwa sababu miaka hii mtindo wa kupunguza unene kwa kufunga kula umeenea duniani kote, nao umefika hata katika maofisi na mitaa yetu. Vijana wanaelezana saa za kula na saa za kutokula kana kwamba ni dawa iliyovumbuliwa jana. Sisi wa Unguja, ambao kufunga tumekulia nako, tuna sababu nzuri ya kuutazama mtindo huo kwa makini: una ukweli gani, una mipaka gani, na ni nani anayeweza kudhurika nao.

JAMBO LA ZAMANI, JINA JIPYA

Namna za kufunga kwa ajili ya kupunguza mwili ni nyingi, lakini tatu ndizo zitajwazo zaidi. Ya kwanza ni ile ya saa 16 kwa 8. Mtu hujizuia na chakula kwa saa 16 za usiku na mchana, akala katika saa 8 zilizobaki. Mathalan, hula kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku, kisha akafunga kinywa mpaka kesho yake adhuhuri. Ya pili ni ya siku 5 kwa 2: kwa siku tano za wiki mtu hula kama kawaida yake, na kwa siku mbili hula kidogo sana, kiasi cha kalori 500 kwa mwanamke na 600 kwa mwanamume. Namna hii ilivuma kutoka Uingereza mwaka 2012, pale daktari na mtangazaji Michael Mosley alipoieleza katika kipindi cha televisheni ya BBC. Ya tatu ni kufunga siku moja na kula siku inayofuata. Katika zote hizo maji huruhusiwa wakati wowote, na hata chai ya rangi au kahawa, maadamu haina sukari wala maziwa.

Msomaji wa Unguja hatakosa kutabasamu. Bibi zetu walifunga Jumatatu na Alhamisi kabla televisheni haijafika kisiwani. Kuna sita ya Shawwal, kuna siku ya Arafa, kuna Ashura, na kuna zile siku nyeupe tatu za kila mwezi wa kiislamu, yaani tarehe 13, 14 na 15. Ukizihesabu siku hizo za mwaka mzima, utaona kwamba mtu aliyeshikamana na sunna alikuwa akiishi katika mpango wa kufunga kwa vipindi bila ya kuuita kwa jina hilo.

Hata hivyo, mambo haya mawili yasichanganywe. Saumu ni ibada. Mwenye kufunga huacha chakula, maji na mengine mengi kwa ajili ya Mola wake, na malipo yake hayapimwi kwa mizani ya kilo. Kufunga kwa kupunguza mwili ni mpango wa siha, nao hupimwa kwa matokeo yake mwilini. Mtu anayefunga Ramadhani huku akitarajia kitambi kiondoke chenyewe anaweza kukosa alichokitarajia, kisha akailaumu saumu kwa jambo ambalo haikuliahidi.

MWILI HUFANYA NINI TUMBO LIKIWA TUPU

Tunapokula wanga na sukari, kama wali, mkate, muhogo au kaimati, chakula hicho huvunjwa na kuwa sukari nyepesi inayoingia katika damu. Kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, ambayo huifungulia sukari hiyo milango ya chembe za mwili. Inayotumika hutumika, inayobaki huwekwa akiba. Sehemu ndogo ya akiba huwekwa katika ini na misuli kwa umbo la glikojeni, na ini la mtu mzima lina nafasi ya gramu 100 hivi tu. Ziada yote iliyosalia hugeuzwa mafuta, na ghala la mafuta halijai: tumbo, nyonga, mapaja, mashavu, kote huko ni ghala.

Mtu anapoacha kula, insulini hushuka. Kwanza mwili hutumia akiba ya ini. Saa zinavyozidi kwenda, na aghalabu baada ya saa 12 au zaidi, akiba hiyo hupungua sana na mwili huongeza kasi ya kuchoma mafuta. Hii ndiyo hoja kubwa ya wanaoutetea mtindo wa kufunga: mtu anayekula kuanzia chai ya alfajiri hadi pweza wa usiku wa manane haupi mwili wake nafasi ya kuligusa ghala la mafuta.

Hoja hiyo ilipata nguvu mwaka 2012, wakati watafiti wa Taasisi ya Salk huko California, Marekani, wakiongozwa na Satchin Panda, walipotangaza matokeo ya majaribio ya panya. Panya waliopewa chakula chenye mafuta mengi na kuruhusiwa kula saa zote walinenepa na kuugua. Wenzao waliokula chakula cha namna ile ile kwa saa 8 tu za usiku, ambao ndio wakati wa panya kuwa macho, walisalimika kwa kiasi kikubwa. Dunia ilishtuka. Lakini panya ni panya, na binadamu ni binadamu. Ilibidi watu wapimwe.

WATU WALIPOPIMWA

Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitoa matokeo ya majaribio yao kwa watu 116 wenye uzito wa kupita kiasi. Kundi moja liliambiwa lile kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku tu. Kundi la pili lilikula milo mitatu ya kawaida. Hakuna aliyeambiwa apunguze chakula. Baada ya wiki 12, waliofunga walikuwa wamepungua kwa wastani wa chini ya kilo moja, na wenzao walipungua karibu vivyo hivyo. Tofauti haikuwa ya kutiliwa maanani. Tena, katika wale waliopimwa kwa vyombo maalumu, sehemu kubwa ya uzito uliopotea kwa waliofunga haikuwa mafuta. Ilikuwa misuli na nyama nyingine za mwili, ambazo mtu hapendi kuzipoteza.

Mwaka 2022 yakaja majaribio mengine kutoka Guangzhou, China, yaliyochukua mwaka mzima na kuwahusisha watu 139 wenye unene. Safari hii makundi yote mawili yalipunguziwa kiasi cha chakula. Tofauti ilikuwa moja tu: kundi la kwanza lilitakiwa lile kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi alasiri, na la pili lilikula wakati wowote. Mwisho wa mwaka kundi la kwanza lilikuwa limepungua kwa wastani wa kilo 8, na la pili kilo 6.3. Makundi yote mawili yalinufaika, na tofauti iliyokuwapo kati yao haikutosha kuthibitisha kwamba saa zenyewe ndizo zilizofanya kazi.

Fundisho hapa ni wazi. Kinachopunguza mwili ni kula kidogo kuliko mwili unavyotumia. Saa za kula ni ua uliozungushwa shambani. Ua humsaidia mkulima kuzuia mbuzi wasiingie, lakini hauoti mahindi. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni kutafuna ovyo usiku, ua huo unaweza kumfaa sana, kwani unamwondolea mabishano ya nafsi: saa ikifika, jiko limefungwa. Kwa mtu anayefidia saa 16 za njaa kwa sinia la biriani na chupa mbili za soda, ua huo ni pambo.

RAMADHANI YETU NA HESABU YAKE

Sasa turudi kwa yule mama na gauni lake. Unguja ipo karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana wetu haubadiliki sana mwaka mzima. Wakati Mwislamu wa London anaweza kufunga kwa saa 18 na zaidi Ramadhani inapoangukia mwezi wa Juni, sisi hufunga kwa saa 13 au zaidi kidogo, iwe masika au kiangazi. Maana yake ni kwamba kutoka adhana ya Magharibi hadi adhana ya Alfajiri tuna karibu saa 11 za kula. Huo ni muda mrefu kuliko ule wa saa 8 unaosifiwa na wenye mtindo mpya, tena ni wa usiku, wakati mwili unapojiandaa kupumzika.

Na tunautumiaje muda huo? Tuseme kweli. Mambo huanza hata kabla ya mwezi kuandama, kwa vunjajungu. Kisha kila jioni jamvi hutandikwa: uji wa pilipili manga, tende, muhogo wa nazi, ndizi mbivu za nazi, mashelisheli, viazi vikuu, mbaazi au kunde, samaki wa kukaanga, tambi za sukari, mkate wa kumimina, vibibi, sambusa, katlesi, bajia na kaimati zilizorowa shira. Kuna mtungi wa sharubati na mwingine wa ukwaju. Baada ya Tarawehe watu hutembeleana, au huteremka Forodhani kupunga upepo, na huko nako mna mishikaki, pweza, miwa na urojo. Kisha huja daku, na katika nyumba nyingi daku ni wali.

Hakuna ubaya katika kimoja kimoja cha vyakula hivi. Vingi ni vyakula bora vya mababu zetu. Ubaya umo katika jumla. Tufanye hesabu ndogo. Gramu moja ya sukari ina kalori 4, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Gilasi moja ya sharubati yenye vijiko vitano vya chai vya sukari, yaani gramu 20, ina kalori 80 za sukari peke yake. Gilasi mbili ni 160. Ongeza mafuta ya kijiko kimoja kikubwa yaliyonywewa na sambusa na bajia, ambayo ni kalori 120 hivi. Jumla ni 280. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kalori zipatazo 7,700. Basi mtu anayezidisha mahitaji yake kwa kalori 280 kila usiku, kwa siku 29, atakuwa amejiwekea akiba ya kalori 8,120, ambayo ni zaidi ya kilo moja. Na hiyo ni gilasi mbili na kijiko kimoja tu, hatujagusa kaimati.

Lazima pia tuseme lililo haki. Tafiti zilizofanywa katika nchi nyingi zinaonesha kwamba, kwa wastani, wafungaji wa Ramadhani hupungua kidogo, kiasi cha kilo moja hivi, na sehemu kubwa ya upungufu huo hurejea wiki chache baada ya Idi. Wastani huo una watu wa kila aina ndani yake: wapo wanaopungua kilo tatu, wapo wasiobadilika, na wapo wateja wa fundi wetu. Kinachowatenganisha ni kilichomo ndani ya sinia, kwani saa za kufunga kwao ni zile zile.

UNENE SI DALILI YA RAHA

Kwa nini tujishughulishe na jambo hili? Kwa sababu hali inabadilika haraka. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii uliofanywa Tanzania Bara na Visiwani mwaka 2010 ulionesha kwamba asilimia 22 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito wa kupita kiasi. Uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 28. Zaidi ya mwanamke mmoja kati ya kila wanne. Nyuma ya uzito huo wanafuatana kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo, kiharusi na maumivu ya magoti.

Desturi yetu ina sehemu yake katika hili. Mwanamke akinenepa baada ya kuolewa husifiwa kuwa amenawiri, na mumewe husifiwa kuwa anamtunza. Akipungua, majirani hunong'ona: ana maradhi gani, au nyumba ina dhiki gani? Mwanamume mwenye kitambi huitwa tajiri hata kama mshahara wake haufiki tarehe 20. Mazoea ya karne hayaondoki kwa makala moja, lakini ni vyema tuanze kuyasemea mbele ya watoto wetu.

HATARI ISIYOFANYIWA MZAHA

Lipo kundi la watu ambao kwao kufunga, kwa ibada au kwa kupunguza mwili, si jambo la kujiamulia peke yao. Hao ni wagonjwa wa kisukari, hasa wanaojidunga insulini au kumeza vidonge vya jamii ya glibenklamidi, ambavyo huisukuma kongosho itoe insulini iwe mtu amekula au hakula.

Fikiria baba wa familia wa aina hiyo. Hataki kuonekana mdhaifu mbele ya wanawe. Anameza vidonge vyake alfajiri kwa maji matupu, kwa kuwa daku ilimpita usingizini. Ifikapo alasiri anatetemeka, anatoka jasho la baridi, maneno yanamchanganyika. Watu wa nyumbani wanasema ni saumu imemkali, mwacheni alale. Kumbe sukari ya damu imeshuka mno, na kulala huko kunaweza kuwa usingizi asioamka. Mtu wa namna hii anahitaji sukari mara moja, kinywani, wakati angali anaweza kumeza. Na akishapoteza fahamu anahitaji hospitali bila kuchelewa wala kumiminiwa kitu mdomoni.

Hili si la kutishana. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 13 zenye Waislamu wengi kuhusu Ramadhani ya mwaka 2001, ukiwahusisha wagonjwa zaidi ya 12,000, ulikuta kwamba kushuka kwa sukari kwa hatari kuliongezeka zaidi ya mara nne kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, na zaidi ya mara saba kwa wenye aina ya pili, ikilinganishwa na miezi mingine.

Tangu hapo madaktari na mashekhe wa nchi mbalimbali wamekaa pamoja. Miongozo iliyotolewa mwaka 2016 na kurekebishwa mwaka 2021 na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari pamoja na umoja wa wataalamu wa kisukari na Ramadhani inamtaka mgonjwa amwone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi, ili apimwe na mpango wa dawa zake ubadilishwe. Wapo watakaoambiwa wafunge kwa masharti. Wapo watakaoambiwa wasifunge. Inasema pia kwamba anayefunga ajipime sukari mchana, na kwamba kuchoma kidole kwa ajili ya kipimo hakuvunji saumu. Ikiwa sukari imeshuka chini ya 3.9, au imepanda juu ya 16.6, afungue pale pale, hata kama imebaki nusu saa adhana ilie. Dini yenyewe imemfungulia mgonjwa mlango: alipe siku nyingine, au atoe fidia ikiwa maradhi yake hayana matumaini ya kupona. Kuupita mlango huo si udhaifu wa imani.

Wengine wa kutahadhari ni wajawazito na wanaonyonyesha, wenye maradhi ya figo, wenye vidonda vya tumbo na wanaomeza dawa kwa saa maalumu. Watoto na wasichana wanaokua wasifungishwe kula kwa ajili ya umbo. Msichana wa miaka 15 anayeacha chakula ili afanane na picha aliyoiona anahitaji mazungumzo na mama yake, wala hahitaji mtindo wa saa 16. Na mchukuzi wa bandarini au mwashi anayefanya kazi juani asikubali kamwe mpango wa kupunguza mwili unaomnyima maji.

TUANZIE JIKONI

Kwa mtu mzima mwenye afya anayetaka kupungua, mtindo huu unaweza kufuatwa kwa njia nyepesi isiyohitaji kununua chochote. Awe na saa 12 za kutokula: ale chakula cha usiku saa moja jioni, kisha asitie kitu kinywani ila maji mpaka saa moja asubuhi. Hilo peke yake litaondoa chipsi za usiku na maandazi ya mbele ya televisheni. Akishazoea, anaweza kuusogeza mpaka saa 13 au 14. Wengi hudhani kuacha kifungua kinywa ndiyo njia rahisi. Lakini mfanyakazi aliyetoka nyumbani na njaa hukutana na chai ya saa nne ofisini, na hapo chapati mbili na sambusa tatu hazina mtetezi. Ni heri kula asubuhi chakula cha maana na kupunguza cha usiku.

Ramadhani ikifika, mambo machache yatosha. Fungua kwa tende na maji, kisha swali Magharibi kabla ya kurejea jamvini. Tumbo huhitaji kiasi cha dakika 20 kuuarifu ubongo kwamba limepata. Chagua cha kukaanga kimoja kwa usiku mmoja: leo sambusa, kesho bajia. Muhogo na mashelisheli vichemshwe kwa tui jepesi. Pasikose mboga, kama mchicha, bamia au kisamvu, na kunde au samaki wa kushibisha. Mtungi wa sharubati ubadilishwe kwa maji na madafu. Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, sawa na vijiko 12 vya chai, na ni bora zaidi ikiwa nusu yake. Gilasi mbili na nusu za sharubati ile tuliyoihesabu tayari zinamaliza kiwango hicho. Daku isiachwe, bali icheleweshwe karibu na alfajiri na iwe ya kiasi.

Akina baba nao wana wajibu. Mama hasimami jikoni tangu adhuhuri, akiwa na saumu yake, kwa kupenda kukaanga. Husimama kwa sababu mume atauliza: leo hakuna kaimati? Pia sahani ya jirani haipaswi kurudi tupu, na mgeni akikuta vitu vitatu atakwenda kusema. Mwenye nyumba akitamka mwenyewe kwamba vyakula vitatu vinatosha, atakuwa amempunguzia mkewe kazi, ameokoa fedha za mfuko, na amelinda moyo wake na wa wanawe. Sahani ya jirani inaweza kurudi na maembe au machungwa, na undugu usipungue.

Mwisho ni kutembea. Dakika 150 za mwendo wa haraka katika wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, ndicho kiwango cha chini kinachoshauriwa kwa mtu mzima. Mkaazi wa Michenzani anayekwenda Forodhani kwa miguu, akapita pwani ya Mizingani na kurudi, ameshaitimiza siku yake, ilimradi asiifidie kwa urojo bakuli mbili.

Na ukitaka kujua unakwenda vyema, huhitaji mizani ya bei ghali. Mwendee fundi wako akupime kiuno. Kwa mwanamke, utepe ukivuka sentimita 80 ni onyo, na ukivuka 88 ni hatari. Kwa mwanamume ni 94 na 102. Mtu aliyevuka kiwango cha pili asingoje Sikukuu. Aende kituo cha afya apimwe sukari na shinikizo la damu, kwani maradhi haya hukaa mwilini miaka mingi bila kupiga hodi.

Mwezi utaandama tena, na daftari la fundi litafunguliwa ukurasa mpya. Mwaka huu mwombe akuandikie vipimo viwili, cha mwanzo wa mwezi na cha usiku wa kuamkia Idi, kisha vilinganishe mwenyewe. Hapo utajua kama zile saa 11 za usiku ulizitumia vyema.